Unataka kuisuka upya injini ya pikapu yako ya zamani? Panga haya kabla fundi hajashika spana

Mkoani Katavi pikapu ya zamani si pambo la uani. Ni Hilux ya miaka ya 1980 au 1990 inayotoa mpunga Majimoto, inayopeleka mbolea Inyonga, au inayoshuka Karema kufuata dagaa na migebuka kisha ikarudi Mpanda usiku. Ikifika umri huo inaanza kuchoka. Kilima ilichokuwa inapanda na gia ya tatu sasa inataka ya pili, oili inapungua bila kuonekana ikivuja, na asubuhi inawaka kwa kubembelezwa.

Hapo mwenye gari anapata wazo: "Tufanye ovahoo, na tukishafungua tuiongezee nguvu kabisa."

Wazo si baya. Shida huwa kwenye mpangilio. Injini inafunguliwa Jumatatu, Jumatano inagundulika krenki imekatika, Ijumaa hela imeisha, na pikapu inahamia juu ya mawe nyuma ya gereji. Miezi sita inapita, boliti nusu zimepotea na silinda zimeanza kutu.

Makala hii inaeleza namna ya kupanga kazi hiyo. Jambo la kushika ni moja: nguvu nyingi unayoitaka ilikuwemo kwenye injini yako na imepotea. Irudishe kwanza. Kuongeza ni baadaye, tena kama bado kuna haja.

Anza kwa kujua una injini gani

Usiseme tu "ni Hilux ya dizeli". Toyota ilianza kutengeneza Hilux mwaka 1968, na tangu hapo imepita mikononi mwa injini nyingi. Kwenye pikapu za dizeli za zamani tunazoziona huku, mara nyingi utakuta moja ya hizi tatu, zote za familia moja ya L:

• 2L: sisi 2,446. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 92. Inatoa takribani nguvu za farasi 80.

• 3L: sisi 2,779. Ni 96 kwa 96. Takribani farasi 90.

• 5L: sisi 2,986. Ni 99.5 kwa 96. Chini kidogo ya farasi 100.

Zote zina silinda nne, zote zinatumia belti ya taimingi, na zote zina kompresheni kubwa, kama 22 kwa 1. Dizeli haina plagi ya kuwashia moto, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo maana kompresheni ikishuka, kila kitu kinashuka nayo.

Kama wewe ni mtu wa Land Cruiser pikapu, basi kuna uwezekano mkubwa una 1HZ: silinda sita, sisi 4,164, iliyoanza kufungwa mwaka 1990. Mambo mengi yaliyoandikwa hapa yanaihusu pia, isipokuwa bei ya spea itakuwa ya silinda sita badala ya nne.

Namba ya injini imegongwa kwenye bloku. Isafishe, ipige picha, ilinganishe na kadi ya gari. Magari ya umri huu yameshabadilishwa injini mara nyingi, na si ajabu kadi ikasema kimoja na bloku ikasema kingine. Ni bora ulijue hilo leo kuliko siku unayoagiza pistoni kutoka Dar es Salaam zikaja za saizi isiyo yako.

Nguvu yako imepotelea wapi?

Kabla ya kuilaumu injini, angalia vitu vinne.

Kwanza, mwinuko. Mji wa Mpanda uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwa mwinuko wa Mpanda, injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kwa kama asilimia 10 kuliko ikiwa Dar. Ukienda Sumbawanga, kwenye takribani mita 1,800, pengo linazidi asilimia 15. Kwa hiyo 3L yenye farasi 90 kwenye karatasi, hapa mjini ina kama 80, hata ingekuwa mpya. Huo si ugonjwa. Fundi akikwambia "hii imekufa" kwa sababu tu haivuti kama ile aliyoiendesha Tanga, muulize kwanza hili la hewa.

Pili, vumbi. Barabara kuu kwenda Tabora ina lami, lakini mzigo wenyewe hauko barabara kuu, uko mashambani. Vumbi laini la kiangazi likipita kwenye filta iliyochanika au bomba la hewa lenye ufa, linaingia kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Ringi zinaisha, ukuta wa silinda unaisha, kompresheni inashuka. Injini nyingi za huku zinaliwa na vumbi kabla hazijaliwa na kilometa. Ukisuka injini ukaacha bomba lilelile bovu la hewa, umenunua msasa mwingine.

Tatu, matairi. Watu wanapenda pikapu ikae juu, wanafunga matairi makubwa. Tairi lenye kimo cha sentimeta 77 badala ya 70 linapunguza nguvu ya kuvuta kwa kama asilimia 10. Ni kama umebadilisha gia zote zikawa ndefu. Mtu anatumia hela ya ovahoo kutafuta nguvu ambayo angeipata kwa kurudisha matairi ya saizi ya kiwandani.

Nne, mzigo. Hilux ya zamani ilitengenezwa kubeba kama tani moja. Gunia 10 za kilo 100 zinafika hapo. Ukiweka lumbesa 14 na watu watano juu yake, hakuna ovahoo itakayoifanya ipande kilima ikicheka.

Pima kabla hujafungua

Hapa ndipo hela nyingi huokolewa. Vipimo hivi havihitaji kufungua injini.

Angalia moshi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta imeziba, nozeli zimechoka, au mtu amefungua skrubu ya mafuta kwenye pampu. Moshi wa bluu ni oili inaungua: ringi, gaidi za valvu au sili za valvu. Moshi mweupe asubuhi ambao hauishi injini ikipata joto unaweza kuwa kompresheni ndogo, taimingi ya pampu iliyokosewa, au maji yanayoingia kwenye silinda.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Kikirukaruka na kupumua kwa nguvu, moshi unapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili.

Angalia maji ya rejeta asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiona mafuta yanaelea, au mapovu yanapanda mara tu unapowasha, shuku gasketi ya hedi au hedi yenyewe.

Pima kompresheni. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Kinafanywa kwa geji ya dizeli kupitia tundu la hita plagi, betri ikiwa imejaa. Geji ya petroli haifai, maana haifiki huko. Kwa 2L na 3L, kitabu cha fundi kinasema injini nzima inatoa kama bar 31 kwa kila silinda, kiwango cha chini kabisa ni kama 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 5. Kwa Mpanda tarajia namba zote ziwe chini kwa kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu ileile ya hewa. Ndiyo maana tofauti kati ya silinda ina maana kubwa zaidi.

Tuseme umepata 24, 23, 16 na 24. Silinda tatu zimechoka kwa usawa, ya tatu ina ugonjwa wake: valvu haikai, ringi imevunjika au gasketi imeungua. Sasa una jambo mahususi la kumwambia fundi. Lakini ukipata 26, 26, 25 na 26 na gari bado halivuti, usiifungue injini. Tafuta kwenye nozeli, pampu, taimingi, filta, klachi inayoteleza, au breki zinazoshika.

Kipimo cha mwisho ni presha ya oili injini ikiwa ya moto. Taa ya oili ikiwakawaka ukiwa umesimama bila kukanyaga mafuta, metali za krenki huenda zimeisha. Gari la namna hiyo usilipakie mzigo kwenda Karema. Injini ikinoki njiani, krenki iliyokuwa ichongwe tu inakuwa chuma chakavu, na pengine bloku nayo.

"Tuiboo, iongezeke nguvu"

Hii utaisikia kila gereji. Tupige hesabu.

2L ina silinda za milimita 92. Ukiiboo kwa saizi 50, yaani nusu milimita, sisi zinatoka 2,446 hadi kama 2,473. Umeongeza sisi 27, sawa na asilimia moja. Ukienda hadi saizi 100, yaani milimita nzima, unafika kama 2,500. Bado ni asilimia mbili na kidogo. Kwa kiti cha dereva hutaisikia.

Kuboo ni kwa ajili ya kurudisha silinda kuwa duara na ukuta kuwa safi, ili ringi mpya zishike. Nguvu utakayoisikia baada ya hapo ni ile iliyokuwa inavuja. Na kila ukiboo unapunguza unene wa ukuta na kumaliza nafasi ya safari ijayo. Kama saizi 50 inatosha kuondoa mikwaruzo, usiende 100 kwa tamaa. Na kama silinda zimezidi vipimo vyote, njia iliyobaki ni kuingiza slivu na kurudi saizi ya mwanzo.

Njia tatu za kuchagua

Baada ya vipimo, amua unataka nini. Andika kwenye karatasi kabla ya kufungua, usije ukabadilishwa mawazo katikati.

Njia ya kwanza: irudishe ilivyotoka kiwandani, lakini vizuri. Pistoni na ringi mpya, silinda zilizobooiwa kwa vipimo, krenki iliyochongwa na metali mpya, hedi iliyokaguliwa, valvu zilizosagwa zikakaa, nozeli zilizopimwa, pampu iliyokalibreshiwa, belti mpya, rejeta safi. Kwa pikapu ya biashara Katavi, hii ndiyo inayofaa wengi. Injini ya namna hii ina nguvu kuliko ile iliyochoka na kufungwa vikorombwezo.

Njia ya pili: panda saizi ndani ya familia. Kutoka 2L kwenda 3L au 5L kunaongeza sisi kwa kati ya 333 na 540. Hiyo ni nguvu ya kweli, ya chini, ya kuvuta mzigo, bila joto la ziada. Kwa sababu ni familia moja, kwa kawaida giaboksi inakubali na masikio ya injini yanakaribiana. Kabla ya kulipa, hata hivyo, linganisha kila kitu kwa macho: mahali pa kuchukulia oili, mabano, flaiwili, pampu, ekzosi. Injini ya mtumba iwashwe mbele yako, ipimwe kompresheni mbele yako, na waranti iwe kwenye maandishi. Injini ambayo muuzaji anakataa isipimwe, umeshajua habari zake.

Njia ya tatu: turbo. Turbo inarudisha hewa ambayo mwinuko umeichukua, na zaidi. Kwa hiyo kwa nchi ya milima inavutia. Bei yake ni joto. Toyota yenyewe ilitengeneza 2L yenye turbo, na hedi zake zina sifa ya kupasuka zikichemsha. Ukifunga turbo kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo, presha iwe ndogo, kama nusu bar, na uwe na geji ya joto la ekzosi, njia ya oili ya kwenda na kurudi kwenye turbo, na rejeta isiyo na mashaka. Australia watu hufunga turbo kwenye 1HZ kwa miaka mingi, na wanaodumu nazo ni wale wanaozuia presha na kuangalia geji ya joto. Turbo juu ya pistoni zilizochoka ni njia ya haraka ya kununua injini nyingine.

Kuna ya nne ambayo tunaitaja ili uikwepe: kufungua skrubu ya mafuta kwenye pampu. Ni bure, na siku ya kwanza gari linaonekana limeamka. Lakini hewa ni ileile. Dizeli ya ziada inatoka kama moshi mweusi, joto la ekzosi linapanda, hedi inapata taabu na oili inachafuka. Kwenye mwinuko wetu inakuwa mbaya zaidi kuliko pwani.

Kazi ya mashine: hapa usibembeleze bei

Fundi wa kufungua na kufunga ni mmoja, fundi wa mashine ni mwingine. Kama karibu yako hakuna mashine nzuri ya kuboo na kuchonga krenki, bloku itasafiri: Tabora, Mbeya, Mwanza au Dar. Ni mbali. Tabora peke yake ni zaidi ya kilometa 300, Dar ni zaidi ya 1,000. Kwa hiyo peleka mara moja, kila kitu kwa pamoja, na maelekezo kwenye karatasi.

Mambo ya kusisitiza:

1. Pistoni zinunuliwe kwanza, kisha silinda ibooiwe kufuata pistoni hizo. Kuboo kwanza halafu ukatafuta pistoni ni kamari. Pistoni nne za saizi 50 kutoka viwanda tofauti zinaweza kutofautiana kidogo, na huko ndani "kidogo" ndiyo kila kitu.

2. Hedi ipimwe kwa presha ya maji ili kuona nyufa kabla ya kuifanyia kazi yoyote. Ukisaga valvu kwenye hedi iliyopasuka umelipia kazi ya bure.

3. Hedi ikipigwa fesi, ipigwe kidogo iwezekanavyo. Ukiila sana, valvu zinakaribia pistoni. Gasketi za hedi za injini hizi zina unene tofauti. Fundi anapima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, ndipo anachagua gasketi. Anayenunua gasketi kabla ya kupima anakisia.

4. Krenki ikichongwa, metali ziendane na saizi iliyochongwa, na nafasi ya oili ipimwe wakati wa kufunga. Njia za oili ndani ya krenki zisafishwe na kupulizwa, maana chembe za chuma za mashine hujificha humo.

5. Bloku ikirudi, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe, ipakwe oili. Ikiwa imesafiri juu ya basi au lori bila kufunikwa, usiiamini hata kama ni mpya.

6. Boliti za hedi na konrodi zikazwe kwa spana inayopima mkazo, kwa mpangilio wa kitabu. "Mkono wangu unajua" si kipimo.

Mfumo wa maji na mafuta uwe sehemu ya ovahoo

Watu husuka injini kisha wakaifunga na rejeta ileile yenye tope. Wiki ya tatu inachemsha, hedi inapinda, na fundi anaonekana mbaya. Rejeta ifunguliwe na kusafishwa au kubadilishwa, pampu ya maji iwe mpya, mipira ya maji iwe mipya, klachi ya feni ishike, na kifuniko cha rejeta kishike presha.

Na themostati irudishwe. Mafundi wengi huitoa wakidhani injini itapoa zaidi. Lakini kwenye injini zenye njia fupi ya maji, themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwenye kilima ukiwa na mzigo, gari linachemsha. Asubuhi ya baridi linachelewa kupata joto na kuchakaza silinda.

Upande wa mafuta, pampu ya hizi Hilux inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji au mafuta ya taa ndani ya dizeli yanaila. EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukomesha uchakachuaji, lakini vinasaba havikusaidii ukinunua kwenye madumu kijijini. Filta yenye kikombe cha kutenganisha maji, na tabia ya kuitoa maji kila wiki, ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Hela: gawa mafungu kabla ya kuanza

Bei zinabadilika na hatutazitaja hapa. Lakini mafungu hayabadiliki:

• Spea za lazima: pistoni, ringi, metali, gasketi seti nzima, sili, belti na rola yake, filta, oili.

• Kazi ya mashine.

• Usafiri wa bloku, krenki na hedi, kwenda na kurudi.

• Nozeli na pampu.

• Mfumo wa kupoza.

• Ufundi.

• Akiba ya asilimia 25 hadi 30 ya jumla yote.

Akiba ndiyo inayookoa gari lisilale. Injini ikifunguliwa huonyesha kitu ambacho hakuna kipimo kingekionyesha: gaidi zimelegea, konrodi imepinda, bloku ina ufa. Ukiona hesabu yako inatosha bila akiba, maana yake haitoshi.

Kwa hiyo fanya hivi: nunua geji na vipimo kwanza, lipia ukaguzi, kisha kusanya hela yote, ndipo ufungue. Kufungua leo na kutafuta hela kesho ndiyo njia ya kwenda juu ya mawe.

Chagua msimu

Mvua za Katavi zinaanza kwenye Novemba na kwenda hadi Aprili. Novemba na Desemba kuna pembejeo za kupeleka. Kuanzia Mei mavuno yanashika kasi, na hapo kila siku pikapu ikiwa imelala ni hela inayopita kwa jirani. Januari hadi Machi barabara za mashambani ni tope na mizigo ni michache. Huo ndio wakati wa kufungua. Lenga injini iwe imewaka mwanzoni mwa Aprili, ili upate wiki kadhaa za kuilainisha kabla ya gunia la kwanza.

Makaratasi

Ukibadilisha injini nzima, kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake. Usajili wa magari uko TRA, kwa hiyo fika ofisi yao uulize utaratibu wa kubadilisha taarifa kabla hujanunua. Tunza risiti ya injini na nyaraka za kuingizwa kwake nchini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi, na siku ukisimamishwa au ukitaka kuuza gari, maelezo yatakuwa juu yako. Mwambie pia kampuni ya bima.

Na usisahau breki. Pikapu inayokwenda kwa kasi zaidi na mzigo uleule inahitaji muda zaidi kusimama. Kagua breki, mipira ya stelingi na matairi kabla ya kujisifia nguvu mpya.

Kilometa 1,000 za kwanza

Injini iliyosukwa upya inajitengeneza siku za mwanzo. Ringi zinakaa kwenye ukuta wa silinda kwa presha ya kazi. Usiiwashe ukaiacha inanguruma saa nzima mahali pamoja kama wengi wanavyofanya, kwa sababu hapo ukuta unang'aa kama kioo na ringi hazishiki tena. Ukishahakikisha presha ya oili ipo, hakuna kinachovuja na maji yanazunguka, ingia barabarani.

Mpanda hadi Sitalike na kurudi ni kama kilometa 70. Ni safari nzuri ya mazoezi: nenda bila mzigo mzito, badilisha mwendo mara kwa mara, usikanyage hadi mwisho, usikokote gia kubwa kwenye mwendo mdogo. Ukirudi, acha ipoe, angalia maji, oili na uvujaji. Badilisha oili na filta kwenye kilometa 500, kisha tena kwenye 1,000. Mzigo ongeza taratibu: nusu kwanza, kamili baadaye. Kama aina ya gasketi yako inataka hedi ikazwe tena, fanya hivyo kwa wakati uliotajwa.

Na andika tarehe na kilometa za belti ya taimingi kwa rangi kwenye kifuniko chake. Kawaida inabadilishwa kila kilometa 100,000, na kwa vumbi letu ni busara kuwahi. Ikikatika njiani, valvu zinakutana na pistoni, na kazi yote uliyolipia inaharibika kwa sekunde moja.

Maswali saba ya kumuuliza fundi kabla ya kukubaliana

1. Umepima kompresheni? Namba za kila silinda ni zipi?

2. Mashine utapeleka wapi, na nani atapima akirudisha?

3. Pistoni ni za kiwanda gani, saizi gani, na zitanunuliwa kabla ya kuboo?

4. Hedi itapimwa nyufa?

5. Spea za zamani nitarudishiwa nizione?

6. Nozeli na pampu vimo kwenye bei au ni nje?

7. Ikila oili au ikichemsha ndani ya kilometa 5,000, tunafanyaje?

Fundi mzuri hatachukia maswali haya, atakaa nawe mjibu pamoja. Yapige picha majibu, weka saini zenu wote wawili, ndipo umkabidhi funguo.